Makocha Watatu na Kisigino cha Masanja

Vijana wanaobeba sanduku la dawa kwenye timu za mpira hapa Mwanza wameniomba niwaandikie niliyoyaona kazini kabla kichwa hakijachoka. Nimekubali kwa sababu nimestaafu na sina tena pa kujificha. Nilipowauliza nianzie wapi, walisema kwa sauti moja: "Mzee, kati ya wale makocha watatu wa kiwanda, nani alikuwa kiboko kwenye mechi za mchujo?" Hakuna aliyeuliza habari ya bandeji. Hakuna aliyeuliza habari ya mfupa. Basi nitawajibu, ila kwa njia yangu. Mimi makocha siwapimi kwa vikombe. Nitawapima kwa kisigino cha mtu mmoja anayeitwa Masanja, na asiyetaka kipimo hicho aende akawasikilize wachambuzi, ambao hawajawahi kufunga hata kidonda cha mtoto.

Nilikuwa tabibu wa zahanati ya kiwanda cha sabuni na mafuta ya pamba, upande wa Igoma. Timu ilikuwa ya kiwanda na wachezaji walikuwa wafanyakazi, asubuhi kwenye mitambo, alasiri uwanjani. Siku moja bwana wa utumishi aliingia zahanati akanikuta namfunga fundi mmoja kidole, akasema, "Wewe unajua kufunga. Kuanzia leo ni daktari wa timu." Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopewa na kiwanda. Nikakabidhiwa sanduku la bati lenye chupa ya spiriti, bandeji moja ya kuvuta iliyofuliwa mpaka imegoma kuvutika, na dawa ya kuchua yenye harufu ya kufukuza nyoka. Nilikuwa pia na ndoo na sponji. Kila aliyeanguka nilimmwagia maji, awe kaumia goti au kaumia moyo. Watazamaji walinishangilia kuliko mshambuliaji wetu, na kwa magoli aliyokuwa anafunga, walikuwa na haki.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Sista Redempta, mtawa aliyekuwa akinyoosha viungo vya wagonjwa katika hospitali moja ya misheni. Nilikuwa namwendea Jumamosi, ananipa miguu ya wakulima nishike. Alinifundisha kupitisha kidole gumba juu ya kano ya kisigino, polepole, mpaka nihisi pale iliponenepa. "Usimwulize mwenye mguu," aliniambia. "Mwenye mguu ana sababu zake. Uulize mguu." Sista hakuwahi kuangalia mpira maisha yake yote, na nadhani ndiyo maana akili yake ilibaki nzima.

Barafu tulianza kuipata vilipofunguliwa viwanda vya minofu ya sangara kando ya ziwa. Nilikuwa naenda na ndoo yangu getini, najieleza kwa mlinzi, narudi na barafu. Ilitibu vizuri uvimbe, ila ilinuka samaki. Timu pinzani zililalamika kwamba mabeki wetu wananuka kusudi.

Sasa mjue hali ilivyokuwa, maana vijana wa leo wanafikiri mchezaji akiumia anapumzika tu. Ilikuwa miaka ya soko huria. Kiwanda kilikuwa kinatafutiwa mnunuzi, na wafanyakazi walikuwa wanapunguzwa kila kukicha. Uongozi ukatangaza kwamba wachezaji hawataguswa kama timu itashinda mchujo, zile mechi mbili za mwisho wa msimu, moja ugenini na moja nyumbani, za kutafuta nani apande daraja la juu. Timu, walisema, ni tangazo la sabuni. Kwa hiyo mechi ya mchujo haikuwa mpira. Ilikuwa ugali wa watu.

Na kulikuwa na jambo lingine baya zaidi. Hapa kwetu mchezaji hafungwi, anauza mechi. Tukishinda, tumeshinda sisi watazamaji kwa kelele zetu. Tukifungwa, yupo mtu kapewa kitu kidogo. Na mtu wa kwanza kushukiwa alikuwa yule aliyesema anaumwa wiki ya mchujo. Hata umlaze wodini, watu watasema kalazwa na fedha za wapinzani. Lisemwalo lipo, na kama halipo, watu wetu walikuwa hodari wa kulileta.

Kocha wa kwanza tulimwita Profesa. Alikuwa amesoma ukocha Ulaya ya Mashariki, akarudi na koti, filimbi ya shaba na ubao mweusi. Wachezaji waliotoka kubeba magunia ya mbegu za pamba aliwakalisha chini akawachorea mishale mpaka wakasinzia. Nisimwonee, katika ligi ya mkoa alikuwa mkali, tulimaliza wa kwanza. Hiyo ndiyo sifa wanayomwimbia mpaka leo. Lakini mchujo ulipofika, kipa wetu Kulwa akakazwa na mgongo. Nilimpima, nikamwambia Profesa kwamba mtu huyu hawezi kuinama, sembuse kuruka. Profesa akamwacha nje, sawa. Tukafungwa. Watu walipomzunguka baada ya mechi, yule msomi akavua miwani, akaifuta, akasema kwa sauti ya kuumizwa: "Mimi niliandaa kila kitu. Kipa aliumwa ghafla. Ghafla sana. Mengine jazeni wenyewe."

Wakajaza. Kesho yake kundi la mashabiki lilikwenda kumtafuta Kulwa, likamkuta soko la Mirongo anauza nyanya, likampiga na kuzimwaga nyanya zake. Hapo pana tatizo dogo. Kulwa alikuwa nyumbani, amelala juu ya ubao kwa amri yangu. Waliyempiga ni Doto, pacha wake, ambaye hajawahi kugusa mpira. Nilimshona nyusi mimi mwenyewe. Alikuwa ananiuliza, "Dokta, hivi mimi nimeuza mechi gani?" Walipoambiwa wamekosea, mashabiki hawakuomba radhi. Walisema pacha ni pacha. Kulwa akapunguzwa kazini mwezi uleule, na Profesa akapata kazi timu kubwa zaidi. Debe tupu hilo, lilivuma mpaka redioni.

Aliyefuata tulimwita Kamanda, askari mstaafu mwenye kifua cha mbele na akili za nyuma. Ubao aliugeuza meza ya kuwekea chai. Mbinu yake ilikuwa kukimbia: Igoma mpaka mjini, mjini mpaka Buhongwa, asiyefika hali. Huyu ndiye kiboko wao, kwa sababu huyu alishinda mchujo. Nami nakiri alishinda. Ila mimi nilikuwepo chumba cha kubadilishia nguo.

Mshambuliaji wetu Sospeter alikuwa na kano ya kisigino iliyovimba. Nilimwambia Kamanda asicheze. Akanitazama kama mtu aliyeombwa ruhusa na mbuzi. "Kwenye vita hakuna kisigino," akasema. Akaleta jamaa kutoka duka la dawa, akamchoma Sospeter sindano ya ganzi. Sospeter hakukataa. Angekataaje, wakati nyusi ya Doto ilikuwa bado ina kovu? Alicheza, akafunga goli la kutupandisha, na alipoliruka bango la matangazo akishangilia, kano ikakatika. Nilikuwa nimekaa mbali na bado nilisikia mlio wake, kama ukuni mkavu. Watu walimbeba juujuu wakidhani analia kwa furaha.

Tulikaa daraja la juu msimu mmoja, tukashuka. Kamanda aliondoka mapema, kabla hatujashuka, hivyo jina lake halina doa. Sospeter anaburuta mguu mpaka leo. Kiwanda kilisema mtu asiyeweza kusimama hawezi kusimamia mtambo. Huyo ndiye kocha mkubwa wa mchujo mnayemtaka, vijana. Mchukueni.

Wa tatu alikuwa Mwalimu Magesa, mtu wa Mara, mrefu, mkimya, aliyekuwa amefundisha shule ya msingi kabla ya kuja kwetu. Hamtalikuta jina lake katika mabishano yenu, na mkilikuta ni la kuchekwa. Sikumpenda mara ya kwanza. Alikuwa na sura ya mtu aliyekula chakula kibovu, na salamu yake ilikuwa kama anakukopesha. Kimbinu alikuwa wa kawaida. Hakuwa na mishale wala vita. Hata hivyo alitufikisha tena kwenye mchujo, na safari hii ilikuwa ya mwisho, maana mnunuzi wa kiwanda alikwishapatikana na kila mtu alijua watakaobaki ni wachache.

Mechi ya ugenini tulitoka bila kufungana. Shujaa alikuwa Masanja, beki wa kati, mtu wa chumba cha kuchemshia sabuni, baba wa watoto wanne, mwenye kichwa kilichogonga kila mpira uliopita angani. Siku mbili baada ya kurudi alikuja zahanati akasema ana kikohozi. Nikasikiliza kifua, safi. Nikamtazama anavyosimama, uzito wote mguu mmoja.

"Vua kiatu," nikamwambia.

"Dokta, kikohozi hakiko kwenye kiatu."

"Vua."

Nikapitisha kidole gumba. Palepale pa Sospeter, vilevile. Nilipobonyeza aliuma mkono wa shati lake.

"Usimwambie mtu," akasema. "Dokta, nakuomba kwa jina la mama yangu. Ukisema naumwa, wamenimaliza. Watasema nimeuza. Kazi imekwenda, na nyumba yangu wataibomoa. Niache nicheze. Jumapili moja tu."

"Sospeter naye ilikuwa Jumapili moja."

"Sospeter alibahatika, alifunga goli. Kulwa je?"

Nikampa barafu. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo Wahenga walisema, lakini Wahenga hawakuwahi kukaa jukwaani na mashabiki wetu. Masanja alikuwa amefikiri sawasawa. Akicheza, mguu umekwenda na kazi itaufuata. Asipocheza, kazi inatangulia. Mimi kazi yangu ilikuwa kumwambia kocha, na sikumwahidi Masanja kwamba sitasema. Nikamfuata Mwalimu Magesa pale alipokuwa anahesabu mipira yetu mitatu, nikamweleza yote, mpaka habari ya pacha na nyanya.

Akakaa juu ya mpira mmoja. "Akicheza?"

"Itakatika."

"Una uhakika?"

"Mwalimu, mimi nikiwa na uhakika nasema itakatika. Nikiwa sina ningesema labda."

Akaniambia: "Wewe hujaniambia kitu. Na yeye usimwambie kwamba nimejua. Mpaka siku kiwanda hiki kitakapokuwa hakina timu." Akainuka, akaondoka bila kuaga, kama kawaida yake.

Mazoezi ya mwisho kabla ya mechi yalikuwa wazi kwa watu. Kamati ilikuwepo yote, imevaa suti, imekaa kwenye viti vya kantini. Penye wengi hapaharibiki neno, wanasema, lakini waliosema hawakuiona kamati yetu ikipanga timu. Mashabiki walijaa ukingoni. Masanja akaja anatembea kwa kujikaza, akamsogelea kocha.

"Shikamoo Mwalimu."

Magesa hakuitikia. Akamtazama juu mpaka chini, akapaza sauti ambayo sikujua kama anayo. "Wewe toka. Una kiburi. Tangu ugenini unajiona timu ni yako. Jumapili huchezi, na benchi langu usilikalie."

Mwenyekiti wa kamati akaruka kutoka kitini.

"Mwalimu, una wazimu? Huyu ndiye beki!"

"Beki ni yule nitakayemchagua mimi."

"Kakukosea nini? Aombe radhi yaishe!"

"Sura yake siitaki," akasema Magesa. "Mkimlazimisha acheze, kocha mtafuteni mwingine leo hii."

Masanja alilia mbele ya watu wote. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, alipiga magoti akaomba msamaha wa kosa asilolijua. Nilikuwa nimesimama pale na ndoo yangu, na nawaambia ukweli, nilimchukia Magesa dakika ile, japo mimi ndiye pekee niliyejua anachokifanya. Alikuwa anafanya vizuri mno. Baadaye nilielewa kwa nini Masanja hakuambiwa. Angeambiwa, angekataa. Na hata angekubali, machozi yale yasingepatikana, na watu wetu bila machozi hawaamini kitu.

Jumapili tulifungwa moja kwa bila pale uwanja wa Nyamagana. Krosi ya juu, kichwa, wavu. Ilipita mahali hasa ambapo Masanja angekuwa. Uwanja mzima uliimba jina lake. Ninyi mnaopenda kulinganisha, andikeni hili pia: beki bora katika historia ya timu yetu ni yule ambaye siku hiyo alikuwa jukwaani na viatu vya kanisani.

Hakuna aliyesema Masanja kauza mechi. Aliyeuza alijulikana, na alikuwa kocha. Walimpiga Magesa kwa mawe, na safari hii mawe hayakukosea yakampiga pacha, maana hakuwa naye. Nilimtoa mlango wa nyuma akiwa na kitambaa changu kichwani. Akaondoka mjini kwenye lori la sabuni, amekaa katikati ya maboksi. Nilipomwuliza kama niwaeleze watu angalau kidogo, alisema, "Dokta, funga bandeji, acha maneno."

Mnunuzi alipoingia na kuanza kuchagua wa kubaki, kelele zilipigwa kiwanda kizima kwamba yule Masanja aliyeonewa asiguswe. Akabaki. Timu mnunuzi aliifutilia mbali kabla hata ya kubadilisha rangi ya geti, akisema hakununua mpira, kanunua sabuni. Hivyo kupanda kwetu au kutopanda kusingemwokoa yeyote. Kazi yote ile ya Profesa na Kamanda, ubao na sindano, ilikuwa kuwagombania wanaume nafasi katika kitu ambacho tayari kilikuwa hakipo.

Kisigino cha Masanja kilipona kwa kupumzishwa, kama vinavyopona visigino vya watu wanaoachwa wapumzike. Kila alipokuja kuchuliwa alikuwa anamlaani yule Mjaluo, ingawa Magesa hakuwa Mjaluo. Nilinyamaza, nikachua. Lakini siku ile viongozi walipokusanya jezi na kuzigawa kuwa matambara ya kufutia mitambo, niliona sharti langu limekwisha. Nikamwita zahanati, nikamketisha, nikamwambia.

Aliutazama mguu wake kama vile ni wa mtu mwingine.

"Dokta," akasema, "kwa nini umeniambia? Nilikuwa nimeshazoea kumchukia."

"Ndiyo hivyo. Anza kuzoea kingine."

"Mke wangu anamtaja kwenye maombi. Si kwa wema."

Mwezi uliofuata aliomba ruhusa ya siku chache. Alikuwa amesikia kwamba Magesa amerudi kufundisha shule ya msingi, huko kwao Mara, mbali na lami. Alipanda basi la Musoma na jogoo chini ya kiti. Aliporudi alikuja moja kwa moja zahanati, vumbi mpaka kwenye kope, akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa bila kukaribishwa.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta. Kutoka barabarani mpaka shuleni ni mwendo wa kuchosha, nimekwenda kwa miguu. Nikamkuta darasani. Nikamwambia, shikamoo Mwalimu. Akaitikia safari hii. Nikamwambia Dokta amenieleza yote."

"Akasemaje?"

"Akasema wewe ni mwongo tangu zamani. Akasema hakuna kisigino chochote anachokijua. Alinitoa kwa sababu kiwango changu kilikuwa kimeshuka na nina kiburi, na angepata nafasi angenitoa tena. Akasema nisimpotezee muda, watoto wana mtihani."

Masanja alikuwa anacheka, na machozi yanachora mistari kwenye vumbi la uso. Nikamwuliza yeye alimjibu nini.

"Nimjibu nini, Dokta? Nilimpa jogoo wake. Nikamwambia asante. Akanifukuza."